Matti Pellonpää, fundi wa kutofanya kitu

Mwanafunzi wangu wa uigizaji akianza kukodoa macho na kupunga mikono mbele ya kamera, simfokei. Namwekea kipande cha marehemu Matti Pellonpää wa Finland na kumwachia akitazame.

Pellonpää alizaliwa Helsinki mwaka 1951 na alisomea uigizaji chuoni. Kwao mwigizaji halazimiki kuchagua kati ya jukwaa na sinema. Miji mingi ina jumba lake la maigizo linalopata ruzuku, na majumba hayo yakifungwa kiangazi, wasanii wanahamia kwenye kamera. Ndiyo maana usimwone mtu yuko kimya kwenye filamu ukadhani hajui kupaza sauti.

Kabla yake Wafini walikuwa na nyota wa aina nyingine kabisa. Tauno Palo (1908–1982), mtanashati wa Jumba la Taifa la Maigizo, aliigiza mapenzi na Ansa Ikonen hadi watu wakawaona kama mume na mke. Filamu yao *Kulkurin valssi* ilitoka mwaka 1941, nchi ikiwa kati ya vita viwili na Wasovieti, kimoja kimekwisha na kingine hakijaanza, na kumbi zikajaa. Palo alikuwa mtu wa kutamaniwa. Pellonpää, kwa masharubu yaliyoning'inia, nywele zilizolazwa nyuma na macho ya mtu aliyekosa usingizi, alikuwa jirani yako.

Mwongozaji wa filamu Aki Kaurismäki aliliona hilo mapema. Katika *Varjoja paratiisissa* (1986) alimpa nafasi ya Nikander, dereva wa lori la taka anayempenda keshia wa dukani, aliyeigizwa na Kati Outinen. Kaurismäki hapendi kurudia kupiga tukio, na hataki mbwembwe. Mwigizaji wa kawaida akibanwa hivyo anageuka gogo. Pellonpää akibanwa hivyo ndipo unaanza kusoma anachowaza.

Lakini kipande ninachowawekea wanafunzi si cha Kaurismäki, ni cha Mmarekani Jim Jarmusch, mwisho wa *Night on Earth* (1991). Helsinki, alfajiri, theluji. Mika, dereva wa teksi, anabeba walevi watatu. Mmoja amezima kabisa. Wenzake wanasimulia kwamba leo amefukuzwa kazi, gari lake jipya limebondwa, na binti yake mdogo ana mimba. Kuna baya kuliko hilo? Mika anasema lipo. Anaeleza kwamba mtoto wake alizaliwa njiti, daktari akasema hatapona, basi yeye na mkewe wakaamua wasimpende ili wasiumie. Mtoto akawa bado anapumua. Wakabadili nia, wakaamua kumpenda kwa nguvu zote, na walipoamua hivyo mtoto akafa.

Tazama Pellonpää anavyolisema. Mikono iko kwenye usukani, macho yako barabarani, sauti ni ya mtu anayetaja nauli. Hatoi chozi hata moja. Wanaolia ni walevi wa nyuma, na mtazamaji pamoja nao. Angelia yeye, sisi tungebaki kumtazama tu. Hapo ndipo waigizaji wengi wanapoharibu: wanafanya kazi ambayo ni ya mtazamaji.

Mwaka 1992 alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa Ulaya kwa *La Vie de bohème*, akiwa Rodolfo, mchoraji fukara wa Kialbania jijini Paris. Miaka mitatu baadaye, Julai 13, 1995, moyo ulimsimama mjini Vaasa. Alikuwa na miaka 44 tu.

Wakati huo Kaurismäki alikuwa amemwandalia nafasi katika *Kauas pilvet karkaavat*. Hakutafuta mwanamume mwingine wa kuijaza. Aliigeuza nafasi yenyewe ikawa ya mwanamke, Ilona, msimamizi wa wahudumu wa mgahawa, akampa Outinen. Filamu ilitoka mwaka 1996. Ilona na mumewe wamefiwa na mtoto, na kuna tukio Ilona anasimama mbele ya picha ya mtoto huyo bila kusema neno. Picha ile ni ya Pellonpää mwenyewe akiwa mdogo. Asiyejua anaona mama mwenye uchungu. Anayejua anamwona Outinen akimwomboleza mwenzake wa kazi, na kwa mbinu ileile ya Pellonpää ya kutofanya kitu.

Ukitaka kumjua, anza na teksi ya Helsinki, kisha Nikander. *Leningrad Cowboys Go America* iweke mwisho. Humo ni meneja mbahili wa bendi, na ubahili wake unachekesha zaidi ukishazoea uso ule.