Makaa Yanayowaka Si Makaa Yaliyokolea

Kila jioni mpwa wangu huniuliza swali lilelile, sinia ya mishkaki mkononi: "Mjomba, nipange?" Nami humjibu, "Bado, mwanangu. Hayo yanawaka, hayajakolea."

Hapa Mombasa watu wengi wanaochoma nyumbani huharibu kitoweo hapo hapo. Wakiona ndimi za moto zimepanda hudhani joto limefika. Kumbe ndimi za manjano na moshi unaowasha macho ni dalili kwamba ndani ya lile kaa bado kuna mti. Makaa ni mti uliochomwa kwa hewa haba mpaka maji na gesi zikatoka, ikabaki kaboni. Kipande kisichoiva tanurini huja kumalizia kazi hiyo kwenye seredani yako, na nyama ikiwa juu yake hupakwa masizi na kuingia uchungu ambao ndimu wala ukwaju hauwezi kuufunika. Niliwahi kuharakishwa kwenye shughuli ya harusi, nikapanga nyama mapema. Nje ilikuwa nyeusi, ndani damu. Mpaka leo nasikitika nikikumbuka yule mama mwenye shughuli alivyoitazama ile sinia.

Kabla ya kuwasha, gonga makaa mawili pamoja. Lililoiva hulia kama kigae; bichi hutoa mlio mzito, kama kijiti. Msimu wa mvua ya masika, hasa Aprili na Mei, makaa hunywa unyevu hata yakiwa guniani, na ukiyawasha hutatarika na kurusha cheche. Mimi huyasikiliza kwanza. Maadamu yanatatarika, sisogezi nyama karibu. Mafuta ya taa situmii kabisa, kwa sababu harufu yake hukaa. Vifuu vya nazi vikavu viwili vitatu vinatosha kushika moto.

Baada ya dakika 15 hivi moshi hupungua, na juu ya makaa utaona vindimi vya buluu vinachezacheza. Hiyo ni kaboni monoksaidi inayoungua. Moto umekaribia, lakini bado. Na gesi hiyo hiyo, isipoungua, haina rangi wala harufu, na huua. Ndiyo maana seredani haiingizwi chumbani hata kama mvua inanyesha.

Sasa angalia jivu. Makaa yaliyokolea huvaa jivu jepesi, jeupe kijivu, kutoka pembeni hadi katikati, pasibaki doa jeusi. Wengi hutafuta wekundu, na usiku ni sawa, lakini saa kumi alasiri jua likiwa bado kali wekundu hauonekani hata makaa yawe ya moto vipi. Mchana amini jivu. Pepea mara moja tu: jivu likiruka na chini yake kukang'aa rangi ya chungwa, yamekolea. Likiwa nene kama unga na kipande kimenywea, basi umechelewa, joto linafifia.

Halafu mkono. Uweke wazi pale nyama itakapokaa, kama sentimita 12 juu ya makaa, uhesabu taratibu. Ukilazimika kuuondoa kwenye sekunde ya 2 au ya 3, huo ni moto wa mishkaki: vipande vidogo vinataka kushikwa haraka nje, ndani vibaki na maji yake. Samaki wa kupaka hataki moto huo. Tui likidondoka kwenye makaa makali huwaka, na lililobaki mgongoni mwa samaki huungua kabla halijashika. Yeye nampa moto wa sekunde 5 au 6, nikiyatawanya makaa kidogo na kumpaka tui mara kwa mara, safu juu ya safu.

Jambo moja linalowashinda hata wazoefu ni kuongeza makaa. Usitupe makaa meusi chini ya nyama iliyokwisha kupangwa. Yatafuka upya na kila ulichokingoja kitaharibika. Mimi huwa na seredani ndogo ya pili pembeni. Ikifika wakati wateja wanatoka kuswali magharibi, ya kwanza imeanza kunywea, na mpwa wangu anachota kwa koleo makaa yaliyokwisha kuvaa jivu, moja moja, anayaingiza kwa ubavuni.