Anza na Skrini: Jinsi Ninavyochagua Vipuri vya Kompyuta ya Gemu

Karibu kila orodha ya vipuri ninayotumiwa ili niikague kabla ya manunuzi huanza na kadi ya michoro, kipuri kinachochora picha za gemu, na karibu kila mara jibu langu la kwanza huwa ni swali: skrini itakuwa ipi? Mwenye orodha hushangaa, kwa kuwa skrini hukaa nje ya kasha na wengi huihesabu kuwa kitu cha kununuliwa kwa fedha itakayobaki. Mimi huanzia hapo kwa sababu skrini ndiyo inayopanga kazi ya kila kipuri kingine, na kadi inayofaa sana kwa skrini moja huweza kuwa upotevu wa fedha kwa skrini ya pili na kuelemewa kabisa na ya tatu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani nukta ndogo za picha, 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina pikseli 3,686,400. Na ile inayoitwa 4K, yenye 3840 kwa 2160, ina pikseli 8,294,400, yaani mara nne kamili ya ile ya kwanza. Rangi ya kila pikseli hukokotolewa upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazofuatana. Kasi ya skrini ikiongezeka, muda nao hubana: kwa hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 za kuandaa fremu moja, kwa hezi 144 ina milisekunde 6.9, na kwa hezi 240 hubakiwa na 4.2. Kwa hiyo mchezaji wa gemu za ushindani, anayetaka fremu nyingi iwezekanavyo kwenye skrini ya 1080, anahitaji kompyuta iliyo mbali sana na ya yule anayependa kutembea polepole katika gemu za simulizi zenye mandhari pana kwenye skrini ya 4K, hata kama bajeti zao zinalingana hadi senti ya mwisho. Wa kwanza ataegemea prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na wa pili ataegemea kadi ya michoro. Asiye na msimamo wowote mimi humshauri achukue 2560 kwa 1440 yenye hezi 144 au zaidi, na ahakikishe kwamba skrini hiyo inaweza kubadilisha kasi yake kufuata kadi, uwezo ambao kwa kawaida huandikwa FreeSync au G-Sync, kwa sababu bila huo picha hupasuka katikati kila fremu mpya inapofika kabla ya ile ya awali kumalizika kuonyeshwa.

Skrini ikishajulikana, kadi ya michoro ndiyo hula sehemu kubwa zaidi ya bajeti, na sioni ubaya wowote katika hilo. Ninachokiona kuwa kosa ni kulinganisha kadi kwa wastani wa fremu kwa sekunde peke yake na kusahau kumbukumbu iliyo ndani ya kadi. Mfano ninaoupenda ni GeForce RTX 4060 Ti, iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na chipu ileile katika matoleo mawili, moja lenye gigabaiti 8 na jingine lenye gigabaiti 16. Katika gemu nyepesi matoleo hayo hayatofautiki. Lakini gemu inapohitaji zaidi ya gigabaiti 8, data inayokosa nafasi hulazimika kukaa katika RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kufuatwa huko kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta. Kumbukumbu ya kadi hiyo husafirisha takriban gigabaiti 288 kwa sekunde, ilhali njia yake ya PCIe 4.0 yenye mistari minane hupitisha kama gigabaiti 16 kwa sekunde, na ukiichomeka kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 kiasi hicho hupungua kwa nusu. Mchezaji huyaona matokeo yake kwa macho: picha hukwama kwa kitambo kidogo anapogeuka ghafla, au kuta za nyumba huonekana zimefifia kama zilizopakwa tope. Wastani wa fremu huweza kubaki mzuri wakati wote huo, na ndiyo maana katika majaribio ninayoyasoma hutafuta kwanza kiwango cha asilimia moja ya fremu zilizokuwa za polepole zaidi. Kwa skrini ya 1440 sipendekezi tena kadi mpya yenye gigabaiti pungufu ya 12, na kwa 4K ninaanzia 16.

Teknolojia za kukuza picha, yaani DLSS ya NVIDIA, FSR ya AMD na XeSS ya Intel, zimebadilisha hesabu hii kwa kiasi, na ni haki kuziingiza katika uamuzi. Ukichagua kiwango cha ubora kwenye skrini ya 4K, kadi huchora picha ya 2560 kwa 1440 kisha hukamilisha pikseli zinazokosekana kwa kutumia taarifa za fremu zilizotangulia, na kwa jicho langu matokeo yake mara nyingi hayatambuliki mchezo unapoendelea. Utengenezaji wa fremu za katikati, yaani kadi kubuni fremu ya ziada baina ya mbili halisi, siuamini kiasi hicho. Namba ya fremu iliyo pembeni ya skrini hupanda, lakini muda kati ya kubofya kipanya na kuona tendo lenyewe haupungui, na huweza hata kuongezeka, kwa sababu fremu iliyobuniwa haikupitia maamuzi ya gemu. Kompyuta iliyokuwa ikijikokota kwa fremu 30 kwa sekunde itaonekana laini huku mikono ikihisi uzito uleule.

Kuhusu prosesa, kuna jaribio moja ambalo mimi humwomba kila anayelalamika kwamba kompyuta yake imechoka alifanye kabla hajatumia fedha. Punguza ukubwa wa picha ndani ya gemu hadi wa chini kabisa, kisha tazama idadi ya fremu. Zikipanda sana, kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa ikichelewesha. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo iliyofika kikomo, na kadi ya bei kubwa kuliko zote haitasaidia. Sababu ni kwamba prosesa hufanya kazi ambayo haijui skrini ina pikseli ngapi: hukokotoa mienendo ya wahusika, migongano, sauti na maagizo ya kuipa kadi, na kazi hiyo hurudiwa kwa kila fremu.

Hapa wengi hudanganywa na gigahezi, yaani kasi ya prosesa, na wingi wa viini, yaani sehemu zake zinazofanya kazi sambamba. Gemu nyingi hutosheka na viini sita hadi vinane, kisha kinachopambanua prosesa moja na nyingine ni jinsi inavyoifikia data yake. AMD ilipotoa Ryzen 7 5800X3D mwaka 2022, iliipa megabaiti 96 za kumbukumbu ya akiba ya ngazi ya tatu (cache, iliyo ndani ya prosesa yenyewe), wakati ndugu yake 5800X alikuwa na 32, na hata ikaishushia kasi kidogo; pamoja na hayo iliishinda 5800X katika gemu nyingi. Gemu huomba vipande vidogo vya data vilivyotawanyika, na kila safari ya kuvifuata kwenye RAM huchukua makumi ya nanosekunde ambazo prosesa huzipitisha ikisubiri. Akiba kubwa hupunguza safari hizo. Anayehariri video kutwa nzima na kucheza usiku tu ana sababu ya kutaka viini vingi zaidi, lakini anayecheza tu asilipie viini kumi na sita vitakavyokaa bila kazi.

Ubao mama, ambao vipuri vyote huchomekwa kwake, hauongezi fremu, kwa hiyo nitaupitia upesi. Soketi, mahali prosesa inapokaa, lazima ilingane na prosesa, na aina ya RAM lazima ilingane na ubao: soketi ya AM5 ya AMD, iliyoanza mwaka 2022, hupokea DDR5 peke yake, ilhali mbao za LGA1700 za Intel zilitengenezwa kwa DDR4 au kwa DDR5, na huwezi kubadilisha baada ya kununua kwa kuwa hata pengo la chini la kadi ya RAM halikai mahali pamoja. Mimi hutazama ubora wa sehemu inayoipa prosesa umeme, idadi ya nafasi za M.2 za kuchomekea SSD, na kitufe cha kusasisha BIOS, programu ya ubao inayoiwasha kompyuta, bila prosesa. Kitufe hicho huonekana cha anasa hadi siku unapopata ubao uliotengenezwa kabla ya prosesa yako kutoka, nao ukakataa kuwaka.

Katika RAM, namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haielezi kila kitu. Ucheleweshaji halisi hupatikana kwa kugawanya CL, yaani mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu, kwa nusu ya kasi iliyotajwa. DDR5 ya 6000 yenye CL30 hutoa nanosekunde 10. DDR4 ya 3200 yenye CL16 nayo hutoa nanosekunde 10. DDR5 hushinda kwa wingi wa data inayopitisha kwa wakati mmoja, wala haifiki mapema zaidi. DDR5 ya 6000 yenye CL40, ambayo hupangwa rafuni jirani na ile ya CL30, huchukua zaidi ya nanosekunde 13. Nunua kadi mbili zilizouzwa pamoja, gigabaiti 16 kila moja, kwa kuwa kadi moja ya 32 huacha nusu ya njia ikiwa tupu, na kadi nne za DDR5 mara nyingi huulazimisha ubao ushushe kasi.

Diski haihitaji maneno mengi. SSD ya SATA, aina ya zamani, hufikia takriban megabaiti 550 kwa sekunde na NVMe, SSD inayopitia PCIe 4.0, hukaribia 7,000, lakini muda wa kufungua gemu haupungui kwa uwiano huo kwa kuwa prosesa bado inapaswa kuifungua data iliyobanwa. NVMe ya kawaida ya PCIe 4.0 yenye terabaiti 1 au 2 inatosha, na fedha iliyookolewa ipelekwe kwenye pawa saplai, kipuri kinachogawa umeme kwa vingine.

Na pawa saplai ndiyo ninayoigombania kuliko kipuri chochote, kwa sababu ndiyo ya kwanza kupunguzwa kwenye orodha na ndiyo pekee inayoweza kuua vingine vyote. Watu hujumlisha wati: kadi 320, prosesa 150, vilivyobaki 60, jumla 530, kisha hununua ya wati 550 wakiamini wamebakiwa na ziada. Hesabu hiyo ni ya wastani. Kadi za kisasa huvuta umeme kwa mirukio ya muda mfupi sana inayozidi kiwango chake kwa mbali, na kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kilikuja kudai kwamba pawa saplai za kadi kubwa zivumilie mirukio inayofikia mara mbili ya uwezo wao kwa mikrosekunde 100. Niliwahi kuletewa kompyuta iliyokuwa ikizimika ghafla katikati ya gemu na kamwe si wakati mwingine. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha RAM na kuweka Windows upya mara mbili. Pawa saplai yake ilitosha kwenye karatasi, lakini kinga yake ya ndani ilikuwa ikikata umeme kwa kila mrukio. Kwa jumla ile ya wati 530 mimi ningeweka 750. Nembo ya 80 Plus hupima ufanisi tu, yaani umeme kiasi gani hugeuka kuwa joto, na haisemi lolote kuhusu ubora wa kinga hizo, kwa hiyo tafuta jaribio la mtu aliyeifungua na kuipima.

Jambo moja zaidi kuhusu pawa saplai nililijifunza kwa gharama yangu mwenyewe. Nyaya zinazochomolewa hazibadilishani baina ya pawa saplai za aina tofauti, hata plagi zikiingia vizuri, kwa kuwa upande wa diski umesanifishwa na upande wa pawa saplai haukusanifishwa. Nilitumia waya wa zamani niliokuwa nao droo, nikawasha, na diski mbili zikafa palepale pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Kadi kubwa zinazotumia plagi ya pini kumi na mbili na nyingine nne ndogo nazo zahitaji uangalifu wa namna hiyo: isukume hadi pasionekane mwanya, na usiukunje waya karibu na plagi, kwa sababu plagi iliyoingia nusu hupata moto hadi plastiki ikayeyuka.

Kasha nalichagua kwa pua zaidi ya macho, maana yangu ni kwamba hutazama linavyopumua. Uso wa wavu hushinda uso wa kioo, feni mbili au tatu mbele zivute hewa ndani na moja nyuma iitoe, na vipimo visomwe kabla ya kulipa: urefu wa kadi, ambao siku hizi hupita milimita 300 mara kwa mara, na kimo cha kipoza cha prosesa. Kipoza cha hewa chenye minara miwili huzitosha prosesa nyingi za gemu, hakina pampu ya kufa wala maji ya kuvuja. Ukipendelea cha maji, rejeta, sehemu inayopoza maji, ikae juu ya pampu ili mapovu yasijikusanye mahali pabaya.

Kompyuta ikishawaka, ingia BIOS uwashe EXPO au XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyotajwa, la sivyo RAM yako ya 6000 itafanya kazi kwa 4800 au karibu na hapo bila kukuambia. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama. Kisha fungua mipangilio ya onyesho ya Windows uangalie hezi. Mtu mmoja aliniandikia kwamba kadi yake mpya haikuwa na tofauti yoyote na ile aliyoiondoa; skrini yake ya hezi 165 ilikuwa imeachwa kwenye hezi 60 tangu siku aliyoitoa kwenye boksi.