Zana ya ujenzi wa programu ni nini, na kwa nini zilizo bora hazienei

Programu unayoifungua kwenye kompyuta haikuandikwa ikiwa hivyo ilivyo. Waliotengeneza waliandika faili za maandishi, pengine maelfu, zikageuzwa kuwa lugha ya mashine, zikaunganishwa, zikafungashwa. Kinachosimamia kazi hiyo ndicho kinachoitwa zana ya ujenzi. Umahiri wake uko katika kujua kisichohitaji kufanywa: ukigusa faili moja kati ya 3,000, ishughulikie hiyo na zinazoitegemea, nyingine iziache.

Mkongwe wa kundi hili ni Make, iliyoandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 huko Bell Labs, Marekani. Kanuni yake ni hivi:

salamu: salamu.c
	cc -o salamu salamu.c

Yaani "salamu" hutokana na salamu.c, ikiwa salamu.c imebadilishwa karibuni zaidi, endesha amri ya chini. Sasa, mstari wa pili lazima uanze na tabo, ile nafasi moja inayowekwa na kitufe cha Tab. Ukianza na nafasi nane, kwa macho huoni tofauti yoyote, ila Make inagoma: "missing separator", yaani kitenganishi hakipo. Nimewahi kuukodolea macho mstari wa namna hiyo mpaka chai ikapoa. Feldman alikuja kusimulia kwamba wiki chache baada ya kuiandika tayari alikuwa na watumiaji kama 12, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwavurugia kazi. Tabo ikabaki. Ipo mpaka leo.

Tangu hapo zimekuja SCons, Tup, Meson, Bazel na nyingine nyingi, na nyingine ni bora kweli. Bazel, kwa mfano, haidanganywi na saa ambayo faili ilibadilishwa, ambayo Make huitegemea. Inapima yaliyomo ndani. Mbona basi Make haijang'oka?

Wapo wanaosema watu ni wavivu wa kujifunza. Sikubaliani nao. Programu ya kuandikia msimbo unaibadili peke yako na mwenzako wa meza ya pili asijue. Zana ya ujenzi ni ya mradi mzima: ukiibadili, umembadilishia kila mchangiaji, kila mashine ya majaribio, na wale wanaoufungasha mradi kwa ajili ya Debian, mfumo mmojawapo wa Linux. Halafu kanuni za zamani zimejaa viraka. Kuna mstari uliowekwa miaka mingi nyuma kukwepa hitilafu fulani, aliyeuweka alishaondoka, na umuhimu wake utaujua siku utakapoufuta. Gharama yote hiyo unailipa leo. Faida ni dakika chache chache baadaye, tena za watu wengine.

Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, mradi uliozaliwa Google kama Bazel yenyewe, kwa miaka kadhaa ulijengwa kwa njia mbili sambamba: Make na Bazel. Kila mabadiliko yalibidi yatunzwe pande zote mbili. Mwaka 2021 waliamua kuacha moja, na iliyoondoka ni Bazel. KDE, watengenezaji wa mazingira ya eneo-kazi ya Linux, nao walijaribu SCons wakijiandaa kwa toleo la 4, wakaiacha mwaka 2006 wakaenda CMake, zana inayozalisha kanuni za zana nyingine za ujenzi.

Iliyopenya vizuri ni Ninja, na iliingia kwa mlango wa nyuma. Evan Martin aliiandika kwa ajili ya kivinjari cha Chrome, kwa sababu mradi ule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hata kugundua kuwa hakuna cha kujenga kulichukua muda. Hakukusudia watu waandike kanuni zake kwa mkono. Zinazalishwa na zana nyingine, kama Meson au CMake. Mwenye mradi wa CMake huongeza "-G Ninja" kwenye amri yake anapoanza kujenga, na kanuni alizoandika miaka kumi iliyopita kwa kawaida hazibadiliki hata herufi moja.