Kuku Si Ng'ombe: Tunayokosea Kuhusu Nyama, Mboga na Mazingira

Ubishi wa nyama na mboga hugawa watu makundi mawili: wala nyama upande huu, wasioigusa upande ule, na katikati wanarushiana takwimu. Nyingi ya takwimu hizo ni nusu ya habari, na mpaka wenyewe umechorwa mahali pasipo pake. Ukipima kwa uchafuzi wa hewa, kuku yuko karibu na yai na jibini kuliko alivyo karibu na ng'ombe.

"Ushuzi wa ng'ombe ndio unaoharibu hewa"

Mzaha huu umezeeka, tena umekosea upande. Mtazame ng'ombe aliyejilaza baada ya kushiba. Taya zinakwenda upande upande, zinasimama, kisha unaona donge likipanda shingoni kutoka tumboni, naye anaanza kulitafuna upya. Katikati ya kazi hiyo anapiga mbweu, kimya kimya. Hapo ndipo gesi inapotokea. Katika tumbo lake la kwanza vijidudu vinachachua majani ambayo tumbo la binadamu haliyawezi, na vingine humo humo vinageuza haidrojeni inayobaki kuwa methani. Karibu yote hutoka kwa mdomo na pua. Ya nyuma ni kidogo tu.

Methani haikai sana hewani, kama miaka 12 hivi. Lakini uzito kwa uzito, katika kipindi cha miaka 100, inaongeza joto mara 27 hadi 30 kuliko kaboni dioksaidi, na ukihesabu miaka 20 tu inafika mara 80 hivi. Kuku na nguruwe hawacheui, na sehemu kubwa ya tofauti kati yao na ng'ombe inaanzia hapo.

"Nyama ni nyama"

Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science hesabu iliyokusanya takwimu za mashamba takriban 38,700 kutoka nchi 119. Chukua gramu 100 za protini, ambazo ni kama nusu kilo ya nyama. Zikitoka kwa ng'ombe aliyefugwa kwa ajili ya nyama, wastani ni kilo 50 za gesi joto, zikipimwa kwa kiwango cha kaboni dioksaidi. Kondoo ni 20. Nguruwe 7.6, kuku 5.7, mayai 4.2. Maharage hayafiki hata 1.

Sasa jibini: karibu 11. Kwa hiyo aliyeacha kuku kwa ajili ya mazingira, kisha akajaza pengo kwa jibini, amerudi nyuma. Kilo moja ya jibini gumu inameza lita 10 hivi za maziwa, na maziwa hayo yanatoka kwa mnyama yule yule anayecheua. Jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii: nyama ya ng'ombe inayotoka kwenye mazizi ya maziwa ina wastani wa 17, si 50, kwa kuwa mzigo umegawanywa kati ya maziwa na nyama.

Ndiyo maana neno "mla nyama" halinisaidii sana katika mjadala huu. Nataka kujua nyama ya nani, na mara ngapi kwa wiki.

"Mifugo inachafua kuliko magari, meli na ndege zote"

Dai hili lilianzia kwenye ripoti ya mwaka 2006 ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyoipa mifugo asilimia 18 ya gesi joto zinazosababishwa na binadamu. Kasoro ilikuwa kwenye mizani: mifugo ilihesabiwa tangu kufyeka msitu na kulima chakula chake, ilhali kwa vyombo vya usafiri ulihesabiwa moshi wake tu. Mmoja wa waandishi alikubali baadaye kwamba ulinganisho ule haukuwa sawa. Mwaka 2013 FAO ilitoa kadirio la asilimia 14.5. Bado ni kubwa sana, na halihitaji kutiwa chumvi.

"Chakula cha karibu ni bora kuliko cha mbali"

Hili nililiamini kwa miaka, na bado nalisikia kwa watu wenye nia njema. Kwa nyama ya ng'ombe, usafiri hauzidi asilimia 1 ya uchafuzi wake. Karibu mengine yote yameshatokea shambani. Mboga laini zinazopakiwa kwenye ndege ni habari tofauti, lakini chakula kingi kinachovuka bahari husafiri kwa meli.

"Anayekula majani malishoni hana hatia"

Ng'ombe anayeishi malishoni ana maisha mazuri kuliko aliyebanwa zizini, hilo silibishi. Ila hukua polepole, kwa hiyo hucheua miaka mingi zaidi kabla ya kufikisha uzito wa kuchinjwa, na majani magumu huzalisha methani zaidi kuliko nafaka. Watetezi wake husema udongo wa malisho unafyonza kaboni. Ni kweli, hasa udongo uliochoka ukianza kutunzwa, lakini baada ya miongo kadhaa hujaa na kuacha kufyonza, wakati mbweu zinaendelea.

"Kilo moja ya nyama, lita 15,000 za maji"

Tarakimu yenyewe ni sahihi, ila picha inayoleta kichwani, ya bomba lililofunguliwa wiki nzima, siyo. Zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo ni mvua iliyonyesha kwenye malisho na mashamba ya chakula cha ng'ombe, na ingenyesha hata kama ng'ombe hayupo. Ukitaka kujua nani anakausha mto, uliza maji yaliyochotwa kwa umwagiliaji ni kiasi gani na ni wapi. Hapo hata mimea ina kesi ya kujibu: mpunga hunywa sana, tena mashamba yake yaliyofurika hutoa methani.

"Soya ya wasiokula nyama ndiyo inayomaliza misitu"

Kama robo tatu ya soya ya dunia huishia kwa mifugo, hasa kuku na nguruwe. Inayoliwa moja kwa moja na watu, ikiwemo maziwa ya soya, ni sehemu ndogo. Na katika msitu wa Amazon, ardhi nyingi iliyofyekwa imegeuzwa malisho ya ng'ombe.

"Ardhi ya mifugo yote ingelimwa chakula cha watu"

Mifugo, ukijumlisha malisho na mashamba ya chakula chake, inashika zaidi ya robo tatu ya ardhi ya kilimo duniani, na inarudisha asilimia 18 tu ya kalori tunazokula. Ukisikia hivyo unaona mashamba ya mahindi yakinyimwa watu. Lakini sehemu kubwa ya malisho hayo ni ardhi kame, miteremko na mawe, ambako jembe halipati kitu na mbuzi anashiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa asilimia 86 ya chakula cha mifugo ni vitu ambavyo binadamu hawezi kula: nyasi, mabua, mashudu. Asilimia 14 inayobaki inaonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa magunia, maana ndani yake mna kama theluthi ya nafaka yote inayovunwa duniani.