Bunge halimfukuzi waziri

Kila habari ya kiongozi kulidanganya Bunge inapozuka, hapa Kampala husikii ila neno moja: "Wabunge wamfukuze!" Juzi, ndani ya teksi ya Nakawa, mzee mmoja alitoa mfano wa Boris Johnson, kwamba Bunge la Uingereza lilimng'oa uwaziri mkuu kwa uongo. Nilimsikiliza kwa heshima, lakini mambo hayakuwa hivyo. Johnson aliondoka madarakani Septemba 2022, baada ya mawaziri wake kumkimbia. Ripoti iliyosema kwamba aliwapotosha wabunge kwa makusudi ilitoka Juni 2023, siku chache baada ya yeye mwenyewe kuacha ubunge. Wabunge waliipitisha kwa kura 354 dhidi ya 7.

Kwetu pia imani hiyo ni ya siku nyingi. Ibara ya 118 ya Katiba ya 1995 inaruhusu Bunge kupitisha azimio la kutokuwa na imani na waziri. Theluthi moja ya wabunge wote watie saini, kisha zaidi ya nusu ya wote waunge mkono. Baada ya hapo? Waziri asipojiuzulu, Rais ndiye "huchukua hatua zinazofaa". Katiba haisemi amfukuze, wala haimzuii kumteua tena. Jim Muhwezi alipigiwa kura hiyo 1998, Sam Kutesa 1999. Wote wawili walirudi katika baraza la mawaziri, na Kutesa akawa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2005 hadi 2021.