Je, wajua kwa nini mtoto mchanga hatetemeki kwa baridi?

Mtoto huzaliwa akiwa amelowa, akitoka tumboni penye joto la nyuzi 37, na hata chumba cha kujifungulia cha Dar es Salaam, kinachomtoa mama yake jasho, kwake ni baridi. Mtu mzima angetetemeka, kwa sababu misuli inayotetemeka huzalisha joto. Kichanga hana uwezo huo wa kutosha, hivyo hutegemea mafuta ya kahawia yaliyo kati ya makombe ya mabega yake, shingoni na kuzunguka figo.

Seli ya mafuta meupe, yale ya kitambi, hubeba tone moja kubwa na kazi yake ni kuweka akiba. Seli ya kahawia ina matone madogo mengi na mitokondria (vinu vidogo vya nishati ndani ya seli) tele, ambazo madini yake ya chuma ndiyo yanayoipa rangi. Kwa kawaida mitokondria husukuma protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya, upande mmoja wa utando wake, nazo zinaporudi hutengenezwa ATP, yaani nishati ya kufanyia kazi. Baridi inapohisiwa, neva humwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, na protini iitwayo UCP1 huzifungulia protoni njia ya pembeni, ikawa kama gari linalonguruma bila gia: mafuta yanaungua, joto linapatikana, safari hakuna.

Mwaka 2009 tafiti zilithibitisha kwamba hata baadhi ya watu wazima wanayo mafuta haya yanayofanya kazi, hasa shingoni na juu ya mitulinga. Hata hivyo ni kidogo, na ili kuyaamsha watafiti huwaweka watu wenye nguo nyepesi katika vyumba vya nyuzi 16 hadi 19. Kwa joto letu la pwani, anayetaka kupungua uzito asiyategemee.

Kwetu umuhimu wake mkubwa uko kwa watoto njiti. Mafuta haya hujijenga zaidi katika wiki za mwisho za ujauzito, hivyo njiti huzaliwa nayo machache, na kuyaunguza hula sukari na oksijeni, kiasi kwamba mtoto aliyeachwa apoe anaweza kuishiwa sukari damuni. Ndiyo maana mkunga humkausha mtoto mara moja, akamvika kofia na kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Njiti hubebwa hivyo kwa saa nyingi kila siku, ili maziwa machache anayoyapata yamkuze badala ya kuishia kwenye kutengeneza joto.