Mnyoo wa Kompyuta Hausubiri Ubonyeze: Maelezo kwa Wenye Kompyuta za Nyumbani

Tangu Microsoft ikomeshe huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wakazi wa Nairobi wenye kompyuta za nyumbani yamekuwa yakifanana. Mmoja ataeleza kwamba kompyuta imekuwa nzito kupita kiasi, mwingine kwamba folda zake zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), na mwingine kwamba picha na hati hazifunguki tena na badala yake kuna ujumbe unaodai malipo. Karibu kila mlalamikaji huanza kwa kusisitiza kwamba hakubonyeza kiungo chochote wala hakufungua barua pepe ya mtu asiyemjua. Tunamwamini. Kirusi cha kawaida huhitaji mtu akifungue, lakini mnyoo hujisambaza wenyewe, kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kwa kupitia dosari iliyomo ndani ya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kama vile Windows.

Historia ya minyoo hii inapaswa kuwaondolea watu shaka kuhusu masasisho, yaani marekebisho ambayo mtengenezaji huyatoa kuziba dosari kama hizo. Blaster ilienea Agosti 2003, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho la dosari hiyo Julai mwaka huohuo. Conficker ilizuka Novemba 2008, na rekebisho lake lilikuwa limetolewa tarehe 23 Oktoba. WannaCry, iliyofunga faili za watu na kudai fidia kuanzia dola 300 za Marekani, ililipuka tarehe 12 Mei 2017, karibu miezi miwili baada ya rekebisho la tarehe 14 Machi. Katika visa vyote vitatu komeo lilikuwa limeshatolewa kabla mwizi hajaufikia mlango, na walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wamelitia. Ndiyo maana anayetuuliza anunue programu gani ya kuzuia virusi huulizwa kwanza ni lini kompyuta yake ilisasishwa. Anayetumia Windows 10 na hajajiandikisha katika mpango wa masasisho ya nyongeza, ambao kwa kompyuta za nyumbani unafikia tarehe 13 Oktoba 2026, hana budi kuhamia mfumo unaohudumiwa. Kompyuta yake itaendelea kuwaka vizuri kila asubuhi, na hilo ndilo linalowadanganya wengi.

Tunafahamu kwa nini masasisho huahirishwa katika mji huu. Bando ni ghali, na kompyuta nyingi ni za mtumba kutoka ng'ambo, zilizonunuliwa katikati ya jiji zikiwa zimeshawekewa Windows isiyo na leseni na masasisho yakiwa yamezimwa kwa makusudi. Ofisi hii haimlaumu mnunuzi kwa asichoambiwa, ila inamshauri amuulize fundi waziwazi kabla ya kulipa. Kuhusu programu za kuvunja leseni, maagizo yake kwa kawaida huanza kwa kumtaka mtumiaji azime kinga ya kompyuta. Mtu mzima anayesoma agizo kama hilo na kulitii hawezi baadaye kutuambia kwamba hakujua.

Jambo la folda kugeuka njia za mkato linastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu hutibiwa vibaya kuliko yote. Mwanafunzi hupeleka flashi kwenye saiba kuchapisha kazi yake, na anaporudi nyumbani huona folda zilezile, kwa majina yaleyale, ila kila moja ina kishale kidogo pembeni na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili tu. Folda zake halisi hazijafutwa, zimefichwa. Hapa, tofauti na minyoo tuliyoitaja juu, mtu hubonyeza bila kujua: akibofya folda yenye kishale, hufunguka kama kawaida, lakini kabla haijafunguka programu hasidi huwa imeshajipachika kwenye kompyuta ya nyumbani. Kisha mzazi hufomati flashi, huchomeka tena, na ugonjwa hurudi papo hapo, kwa kuwa sasa chanzo ni kompyuta. Utaratibu sahihi ni kuisafisha kompyuta kwanza kwa programu ya kinga iliyosasishwa, ndipo flashi ichunguzwe na mafaili yaliyofichwa yaonyeshwe kupitia mipangilio ya folda. Hakuna haja ya kufomati. Na anayehitaji tu kuchapisha, basi ajitumie hati kwa barua pepe.

Yapo pia madai tunayoyasikia kila wiki. La kwanza ni "sina kitu cha kuibiwa," linalotolewa na watu ambao nywila zao za iTax, tovuti ya kodi, na za barua pepe zimehifadhiwa ndani ya kivinjari. Isitoshe, mnyoo hauulizi una nini. Hutaka kompyuta yako iwashambulie wengine. Mirai, mnyoo wa mwaka 2016, ilikusanya kamera na ruta za watu kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, kwa hivyo badilisha ile uliyoachiwa na aliyekuunganishia Wi-Fi. La pili ni kwamba mifumo isiyo ya Windows haiguswi, ilhali mnyoo mashuhuri wa Novemba 1988 ulishambulia kompyuta za Unix. Hili hatulijadili zaidi.

Ukishambuliwa, ondoa kompyuta kwenye Wi-Fi na kebo zote, piga picha ya ujumbe ulio kwenye skrini kwa simu, andika tarehe na saa, wala usifomati kabla ya kuripoti. Usilipe fidia, kwani malipo hayana hakikisho la kurudishiwa mafaili. Nakala uliyoiweka kwenye diski isiyoachwa imechomekwa ndiyo hakikisho.

Kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, anayeingilia kompyuta au data ya mwingine bila idhini anakabiliwa na faini isiyozidi Sh10 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Kifungu cha 40 kinamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta au mtandao, wa umma au wa binafsi, kuripoti shambulio ndani ya saa 24, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh200,000, kufungwa kwa muda usiozidi miaka miwili, au vyote viwili. Hatusemi kwamba mzazi mwenye kompyuta moja sebuleni atafikishwa mahakama ya Milimani kwa kuchelewa, lakini mwenye saiba asijihesabu katika kundi hilo. Anayefanyia biashara nyumbani na kuhifadhi taarifa za wateja anafungwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayompa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data iwapo uvujaji unaweza kuwadhuru wahusika.

Ripoti hupokewa na kituo cha kitaifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Taja aina ya mfumo endeshi, siku ya mwisho uliposasisha, dalili ya kwanza uliyoiona na vifaa vilivyokuwa vimeunganishwa wakati huo, flashi zikiwemo. Nywila zako usiziandike humo. Hakuna afisa anayezihitaji, na anayekuomba, hata akijitambulisha kwa cheo, mkatalie.